Hujaacha Sigara, Umeongeza Kifaa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, nina mke na watoto wawili: kijana wa miaka 15 na binti wa miaka mitatu. Nilianza kuvuta sigara nikiwa na miaka 22, na kwa muda mrefu ilikuwa pakiti nzima kwa siku, sigara 20.

Miezi minane iliyopita mfanyakazi mwenzangu alinipa sigara ya kielektroniki, hii ambayo vijana wanaiita vepu. Akaniambia, "Achana na hizo, hamia huku. Huku ni mvuke tu wa maji." Nikahamia kwa furaha. Mke wangu alifurahi kuliko mimi, maana nguo na mashuka yaliacha kunuka. Kila niliyekutana naye nilimtangazia kwamba nimeacha sigara. Hata kliniki nilipokwenda kupima presha, muuguzi akaniuliza kama navuta, nikajibu "nilishaacha" bila kupepesa macho.

Ukweli, Shangazi, ni huu. Asubuhi kabla sijasema na mtu navuta sigara moja ya kawaida nyuma ya nyumba, kwenye kiti changu cha plastiki. Nyingine baada ya chakula cha mchana, halafu mbili au tatu na wenzangu tukitoka kazini. Kwa siku ni tano, siku mbaya saba. Katikati ya hizo ndipo vepu inapoingia: kitandani, chooni, garini, mbele ya kompyuta. Naiweka chini ya mto. Juzi niliamka saa tisa usiku nikajikuta nimeshaipeleka mdomoni kabla sijafumbua macho vizuri. Enzi za pakiti nzima sikuwahi kuamka usiku kwa ajili ya sigara.

Nimejaribu kuuliza. Shemeji yangu anasema ni salama kabisa, hata Waingereza wamethibitisha. Dada yangu anasema ni mbaya kuliko sigara, kwamba Marekani iliua watu ndani ya miezi michache, na kwamba itanipa "mapafu ya bisi". Kila mmoja ananitumia video zake. Mimi kikohozi changu cha asubuhi kipo palepale.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mambo mawili ya wiki iliyopita. Jumanne tulimkuta binti yetu ameketi sakafuni kashika kichupa changu cha kimiminika, kile chenye picha ya nanasi, anauma kifuniko kwa meno. Hakikufunguka, namshukuru Mungu. Ijumaa mke wangu akakuta vepu kwenye begi la shule la kijana wetu, ndani ya kipochi cha kalamu. Imetengenezwa mfano wa kalamu nene ya rangi ya kuwekea alama vitabuni. Ningeiona mimi nisingeitambua. Nilimkalisha nimkanye. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Baba, si wewe ulimwambia mjomba kwamba ni mvuke?" Nikakosa la kusema. Nikamwambia aende akalale.

Sasa naomba unisaidie. Hiki kitu ni salama au si salama? Mbona sigara hazijaisha? Kijana nimwambie nini? Na mke wangu anataka nimpe tarehe ya kuacha vyote. Kimiminika ninachotumia kimeandikwa miligramu 3; nachukua chenye nguvu ndogo makusudi, nisije nikazidisha. Kahawa nakunywa sana, vikombe vitano hivi kwa siku, kama hilo nalo lina maana.

Baba wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijagusa swali lako hata moja, inuka uende ukakichukue kile kichupa cha nanasi. Kiweke mahali penye kufuli, pamoja na kifaa chenyewe na vibebeo vilivyotumika, maana ndani yake hubaki matone. Nikotini ya maji ni sumu, na mwili wa mtoto wa miaka mitatu ni mdogo mno kuihimili. Akiinywa huanza kutapika, hutoka jasho na mate mengi, ngozi hupauka, moyo humwenda mbio, na ikizidi hupata degedege. Ikimmwagikia, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi, kwa sababu hupenya hata kwenye ngozi. Akiimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali, na kichupa uende nacho ili daktari aone kilichoandikwa. Nimeanza na hili kwa sababu katika barua yako yote, hilo ndilo lililokosa kuwa msiba kwa upana wa kifuniko kimoja.

Sasa tuzungumze.

Umeniuliza ni salama au si salama. Ukiuliza hivyo, shemeji yako na dada yako watagombana mpaka kesho, kwa sababu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Mimi naomba uulize hivi: naivuta badala ya nini? Mtu aliyekuwa akivuta sigara 20 akaziacha zote akabaki na vepu, huyo amepunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Mtu ambaye mapafu yake hayajawahi kuonja moshi akaanza vepu, huyo amejitafutia hatari ambayo hakuwa nayo. Kifaa ni kile kile. Nyumbani kwako mnao watu wawili wanaokitumia, na jibu la mmoja si jibu la mwingine.

Nianze na sigara yenyewe, maana watu wakianza kubishana kuhusu vepu huisahau. Nilifanya kazi miaka mingi katika wodi ya wagonjwa wa kifua. Mvutaji wa muda mrefu ambaye mapafu yake yamechakaa humtambua tangu mlangoni. Hajilazi. Anakaa ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya magoti, amekunja midomo kama anayepoza chai, anatoa pumzi kidogo kidogo. Ukimwuliza jina, anakutajia la kwanza, anapumzika, ndipo anamalizia la baba yake. Nimewaona wengi, na kila nikisoma barua ya mtu anayesema "tano tu kwa siku" nawakumbuka hao.

Kilichowafikisha pale ni kuungua. Jani la tumbaku likishika moto hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na kati ya hizo 70 hivi zinajulikana kusababisha saratani. Hutoa lami inayoganda mapafuni, na hutoa kaboni monoksaidi, ile ile hewa ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Nikotini ndiyo inayokurudisha kwenye pakiti kila siku, lakini mengi yanayoua yamo kwenye moshi. Daktari wa Uingereza Michael Russell aliliandika jambo hili mwaka 1976: watu huvuta kwa ajili ya nikotini, lakini hufa kwa lami. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioacha. Sijui bidhaa nyingine inayouzwa kihalali yenye hesabu ya namna hiyo.

Ndiyo maana Hon Lik, mfamasia wa China ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji, alipobuni kifaa hiki mwaka 2003 alitaka kuondoa moto na kubakiza nikotini. Ndani ya kifaa kuna betri, koili ndogo inayopata joto, na kimiminika. Koili hupasha kimiminika mpaka kinageuka ukungu, nawe unauvuta. Hakuna kinachoungua, hivyo lami hakuna, na kaboni monoksaidi karibu hakuna.

Lakini huo si mvuke wa maji, na aliyekupa maneno hayo alikudanganya bila kujua. Kimiminika ni propilini glaikoli na gliserini, viungo vya ladha, na nikotini. Gliserini na glaikoli zinaruhusiwa kwenye chakula, ila tumbo na pafu ni vitu viwili tofauti. Kinachomeng'enywa salama tumboni hakijapewa ruhusa ya kuingia kifuani mara mia mbili kwa siku. Joto likizidi, vimiminika hivyo huvunjika na kutoa fomaldehaidi na akrolini, kemikali zinazochoma njia ya hewa. Koili nayo huachia chembe za metali, kama nikeli na kromiamu. Ukivuta ukasikia ladha ya kitu kilichoungua, uchungu unaokwaruza koo, basi utambi wa koili umekauka. Acha hapo hapo, usiseme nimalizie mbili hizi. Nikotini yenyewe hupandisha presha na kuharakisha mapigo ya moyo, na wewe umeniambia ulikwenda kliniki kwa ajili ya presha.

Shemeji yako aliposema Waingereza wamethibitisha, hakuzua. Mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilitoa ripoti iliyosema vepu ina madhara pungufu kwa asilimia 95 hivi kuliko sigara. Tarakimu hiyo ikaenea kama moto wa nyika. Ila lilikuwa kadirio la jopo la wataalamu waliokaa pamoja na kupima kwa busara zao. Hakuna maabara iliyotoa namba hiyo, na wengine waliipinga tangu mwanzo. Mapitio makubwa ya mwaka 2022 ya Chuo cha King's, London, yalisema kwa uangalifu zaidi: kwa muda mfupi na wa kati, hatari ya vepu ni sehemu ndogo ya hatari ya sigara. Sisitiza maneno hayo, "muda mfupi na wa kati". Saratani ya mapafu huchukua miongo kujitokeza, na vepu ina umri wa miaka ishirini na kitu. Nawe ukimsikia shemeji anasema "salama kabisa", mwulize ni ripoti gani iliyoandika neno "kabisa".

Dada yako naye hakuzua. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa mkali wa mapafu kwa watu waliokuwa wakivuta vepu. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807, wengi wao vijana, na vifo 68. Madaktari walipochunguza majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, walikuta asetati ya vitamini E kwa 48. Hayo ni mafuta yaliyotumika kuzimulia kimiminika cha bangi, na wengi wa wagonjwa walikuwa wamevuta kimiminika hicho, kilichopatikana mitaani. Vepu za kawaida za nikotini hazikuwa kiini cha mlipuko ule. Fundisho langu kwako hapo ni dogo: usinunue kimiminika kisicho na maandishi ya mtengenezaji, usichanganye mwenyewe, na usidondoshee mafuta ya aina yoyote, hata mtu akikuapia kwamba ni dawa ya kifua.

Mapafu ya bisi nayo yana asili yake. Mwaka 2000, katika jimbo la Missouri, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha bisi waligunduliwa wameharibika njia ndogo za hewa kwa kuvuta diasetili, kiungo kinachoipa bisi ladha ya siagi. Kiungo hicho kimewahi kukutwa kwenye vimiminika vya vepu, na nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Uingereza zimekipiga marufuku humo. Ila mwambie dada yako hivi, kwa upole: moshi wa sigara za kawaida una diasetili nyingi kuliko ukungu wa vepu. Akikuogopesha na bisi ukarudi kwenye pakiti, atakuwa amekutoa mvuani akakutumbukiza mtoni.

Sasa nije kwako, mwanangu, na hapa nisikilize vizuri maana ndipo penye maumivu.

Hujaacha sigara. Umeongeza kifaa. Faida yote niliyoieleza hapo juu ni ya mtu aliyehama, na wewe una mguu mmoja huku na mwingine kule. Najua utaniambia umetoka 20 hadi tano, kwa hiyo hatari imepungua robo tatu. Laiti moyo ungekuwa unahesabu hivyo! Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, ukakuta kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba takriban nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Moja. Mishipa ya damu inakasirishwa na moshi kidogo karibu kama inavyokasirishwa na moshi mwingi. Kwa saratani, kupunguza idadi kuna nafuu kubwa zaidi. Kwa moyo na kiharusi, nafuu yenyewe inakuja kwenye sifuri. Na kikohozi chako kimebaki kwa sababu kinachokileta kimebaki: kila asubuhi unakilisha, kwenye kiti kile cha plastiki.

Kwa nini hazijaisha? Jibu umeliandika mwenyewe mwishoni, ukidhani ni jambo la pembeni. Miligramu 3. Mwili uliozoea pakiti nzima unadai nikotini nyingi, na sigara huifikisha kwenye ubongo kwa sekunde 10 hivi, kwa kishindo. Kimiminika cha miligramu 3 kinakupa matone. Ndiyo maana unanyonya kifaa mchana kutwa, unaamka saa tisa usiku kukitafuta, na bado arosto ikija kwa nguvu unakimbilia fegi. Ulichukua chenye nguvu ndogo kwa nia njema, ukajikuta unavuta ukungu mwingi zaidi na sigara hukuziacha. Mvutaji wa pakiti nzima anayehama kwa dhati kwa kawaida huanzia miligramu 12 hadi 20 kwa mililita, na 20 ndiyo kikomo kinachoruhusiwa kisheria katika Umoja wa Ulaya na Uingereza. Utashangaa Shangazi anakuambia uongeze. Nakuambia hivyo kwa sharti moja: kwamba sigara zife zote, siku moja, ndipo uanze kushusha. Kama unataka kuendelea na tano zako, basi usiongeze chochote. Na kwa kuwa ulikwenda kupima presha, usiongeze kabla hujasema na daktari.

Wala usidhani vepu ndiyo njia pekee. Uliza kwanza kliniki au kwa mfamasia kuhusu plasta za nikotini na chingamu ya nikotini. Plasta inakupa kiwango cha kutwa nzima na chingamu inazima arosto ya ghafla, na vikitumika pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja. Kuna pia vidonge, vareniklini na sitisini, ambavyo hukaa mahali nikotini inapokaa kwenye ubongo na kuifanya sigara ipoteze utamu wake. Dawa hizi zimefanyiwa majaribio kwa miaka mingi, na hakuna anayezitamani kwa ajili ya ladha ya nanasi. Ningekuwa na mamlaka, ningekuanzishia hizo. Isitoshe, nchi kadhaa zimepiga vepu marufuku, India mwaka 2019 na Brazil tangu 2009, kwa hiyo jua sheria ya mahali ulipo kabla hujasafiri nayo mfukoni.

Lakini sitakuficha ushahidi kwa sababu siupendi. Mwaka 2019 lilichapishwa jaribio la Uingereza lililowagawa wavutaji 886 wanaotaka kuacha: kundi moja likapewa vepu, jingine plasta, chingamu na mfano wa hizo, na wote wakapata mshauri wa kuwafuatilia. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa hawavuti sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya kundi la pili. Ni karibu mara mbili. Angalia na upande wa pili wa karatasi, ambao wauzaji hawausomi: miongoni mwa walioacha sigara kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanavuta vepu mwaka ulipokwisha, wakati kwa walioacha kwa plasta na chingamu ni asilimia 9 tu waliokuwa bado wanazitumia. Vepu inajua kukutoa kwenye sigara kuliko inavyojua kukuachia uende zako. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mwezi Desemba 2023, lilizitaka nchi zichukue hatua za haraka kuzidhibiti na kuwalinda watoto.

Kahawa yako ina maana kubwa, na nashukuru umeitaja, kwa sababu wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara hulichochea ini livunje kafeini haraka. Siku utakapoacha sigara, ini linatulia, na vikombe vile vile vitano vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, usingizi unakata, moyo unadunda, nawe unasema, "Hii ni arosto, siwezi," unaenda kununua pakiti. Kumbe ni kahawa. Punguza nusu tangu siku ya kwanza. Vepu na plasta hazifanyi kazi hii ya ini, ni moshi wa tumbaku. Jambo hilo hilo hutokea kwa baadhi ya dawa, kama klozapini na olanzapini za magonjwa ya akili, na theofilini ya kifua. Mtu anayezitumia amwone daktari kabla hajaacha, dozi irekebishwe.

Na hicho kifaa kitoe chini ya mto leo. Betri zake zimewahi kulipuka na kuwaunguza watu mapajani na usoni. Usichaji kitandani wala ukiwa umelala, tumia chaja yake, na betri ya akiba usiiweke mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Nimemwacha kijana wako mwisho kwa sababu ndiye aliyenikosesha usingizi.

Kwake hakuna "badala ya". Badala ya sigara ipi? Hakuwahi kuvuta. Ubongo wa binadamu huendelea kujijenga hadi miaka 25 hivi, na nikotini katika umri wake huvuruga umakini, kujifunza na kudhibiti hasira, tena huzoesha haraka kuliko kwa mtu mzima. Vifaa vipya hutumia chumvi ya nikotini, ambayo haikwaruzi koo, hivyo mtoto anavuta kiwango kikubwa bila kukohoa hata mara moja. Wewe sigara yako ya kwanza ilikukohoza mpaka machozi, sivyo? Yeye hana onyo hilo. Na usitulizwe na maandishi ya "haina nikotini". Vipimo vya maabara huko Australia vimewahi kuikuta kwenye vimiminika vilivyoandikwa hivyo.

Usimpige wala usimtishe na mapafu ya bisi. Alikuuliza swali la haki na ukampeleka kulala. Mrudie. Kaa naye mahali ambapo mnatazama mbele, kama garini au mkitembea, vijana huongea zaidi wasipotazamwa usoni. Anza na kosa lako: "Ulinisikia nikisema ni mvuke tu. Nilikosea. Na nilisema nimeacha sigara, sijaacha, bado navuta tano." Hilo la pili ndilo gumu, nalo ndilo litakalomfungua. Kisha muulize anavuta lini, na nani, na asubuhi akiamka anaitafuta ndani ya muda gani. Kama ni ndani ya nusu saa, au akikosa anakuwa mkali na hawezi kutulia darasani, basi ameshafungwa, na anahitaji mhudumu wa afya, hahitaji adhabu. Kama ni ya kuonjeshana na wenzake, mazungumzo hayo na macho yenu yanaweza kutosha. Kifaa chake kikae kwa mama yake. Chako kisionekane tena mezani.

Kliniki urudi. Mwambie muuguzi ulisema uongo; hatakufukuza, ameshasikia makubwa. Hatari ya moyo wako wanaipima kwa majibu yako, na hivi sasa wanampima mtu ambaye hayupo.

Kuhusu tarehe, mpe mke wako mbili. Ya kwanza ni ya sigara, na isiwe mbali zaidi ya wiki mbili kuanzia unaposoma hapa, muda wa kumwona daktari na kupata dawa. Siku hiyo zinaisha zote tano. Siku tatu za mwanzo ni kali, wiki ya kwanza ndiyo mbaya, na baada ya wiki tatu nne arosto inalegea. Kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo mwanzoni, vile vinyweleo vya mapafu vinavyofagia kohozi vinaamka, usiogope. Ila ukikohoa damu, ukipungua uzito bila sababu, au kikohozi kikigoma kabisa, nenda ukapigwe picha ya kifua. Tarehe ya pili ni ya vepu, kama utaitumia: miezi sita baada ya ile ya kwanza, ukishuka 20, 12, 6, 3, na hutashuka ngazi mpaka umekaa wiki kadhaa bila kutamani fegi. Ukiona unarudi kwenye sigara, panda ngazi moja, usione haya.

Usiku wa kuamkia tarehe ya kwanza tupa pakiti, kiberiti na kile kibati cha majivu. Waambie wale wenzako wa jioni, wote, kwa mdomo wako. Halafu kile kiti cha plastiki kilichoko nyuma ya nyumba, kiingize ndani kabla hujalala.

Shangazi